Misumari Mdomoni mwa Mjomba

Kabla filamu haijaingia mjini, Bawaba lilikuwa jina la heshima. Aliyelibeba alikuwa binti fundi wa makochi, bado mwanafunzi mbele ya mjomba wake lakini mkono ulikuwa umeshaanza kutulia. Jina hilo hakupewa na wazazi. Alipewa na kitabu.

Kitabu chenyewe kiliitwa Mji Usio na Milango, na vijana walikipenda mpaka wakubwa wakaanza kukiogopa. Kinasimulia mji ambao Baraza limeamuru milango yote ing'olewe, ili pasiwe na mtu mwenye la kuficha. Watu wanalala wazi, wanaoga wazi, wanagombana wazi. Hata kulitamka neno mlango ni kosa. Vijana wanne wanauficha mlango mmoja wa mwisho chini ya ghala la chumvi, na kwa ukaidi wanajipa majina ya vitu vya mlango: Kitasa, Ufunguo, Komeo na Bawaba. Anayekamatwa ni Bawaba. Anahojiwa usiku na mchana. Sura inayohusu mahojiano hayo ina sentensi moja tu, katikati ya ukurasa mweupe: Bawaba hakusema neno.

Ukurasa huo ndio uliowaliza wasomaji. Wapo waliouchana wakauweka kwenye fremu.

Basi marafiki wanne wa mtaa mmoja waligawana majina hayo kama watoto wanavyogawana muwa. Kitasa alikuwa muuzaji wa duka la dawa, msichana mwenye msimamo, rafiki wa Bawaba tangu wakiwa na meno ya utoto. Mama zao walisukana nywele kwenye ngazi moja. Ufunguo alikuwa chuoni akisomea uhasibu, na hakuweza kusema jambo bila kuanza na "kwa mujibu wa". Komeo alikuwa kinyozi, na waliompa jina hilo walimtania tu, maana mdomo wake haukuwahi kufungika. Kila mmoja alivaa shingoni kipande cha chuma kilichofanana na jina lake. Cha Bawaba kilikuwa bawaba ndogo ya shaba, iliyotoka kwenye kabati bovu. Mjomba aliing'arisha mwenyewe kwa majivu na ndimu, akampa bila maneno.

Walikutana Jumapili alasiri kwenye karakana ya mjomba, kati ya marobota ya sponji na vitambaa. Walikalia makochi ya wateja yaliyokwisha kushonwa, juu ya nailoni yake, na kila walipojigeuza nailoni ililia kama imekanyagwa.

"Makochi ya watu hayo," mjomba alikuwa akisema walipoingia. "Mkiyabonyeza nitawashona nyinyi humo ndani."

Baada ya hapo hakusema tena, kwa sababu ya misumari. Mjomba alikuwa fundi wa zamani. Bunduki ya pini, anayoitumia mpwa wake, aliiita cherehani ya wavivu. Yeye alijaza misumari midogo mdomoni, akaisukuma kwa ulimi mmoja mmoja, kichwa kikitangulia, nyundo ya sumaku ikaudaka na kuugonga kwenye mbao kabla jicho halijajua kilichotokea. Akishajaza mdomo, huwezi kumtoa salamu. Vijana walimzoea hivyo, wakawa wanazungumza mbele yake mambo ambayo wasingeyasema mbele ya mama zao. Walisahau jambo moja. Mtu mwenye misumari mdomoni masikio yake yako wazi kuliko ya mtu yeyote, maana kichwa chake hakina kazi nyingine.

*

Siku ya kwanza ya filamu walifika kwenye jumba la sinema mapema kuliko muuza bisi. Mji mzima wa wasomaji ulikuwa pale, wengine na vitabu kwapani kama waendao ibada. Taa zikazimwa, na haikupita muda Ufunguo akaanza kuguna.

"Mji umekuwa msafi mno. Kwa mujibu wa kitabu, mji unanuka."

"Ulitaka harufu itoke kwenye pazia?" Komeo akamjibu.

"Nyamazeni jamani," Kitasa akasema. Kisha akamwona Kitasa wa kwenye filamu, nywele zimelainishwa zikalala mgongoni, naye akashindwa kunyamaza. "Ee! Milango hawana lakini saluni wanayo?"

Safu nzima ikacheka. Mlango ulipoonyeshwa, kicheko kikageuka miguno. Kitabuni ni mlango mbovu wa choo, umeliwa na mchwa, na wasomaji wanaupenda kwa ubovu wake huo. Kwenye filamu ulikuwa na nakshi kutoka juu mpaka chini.

"Huo wa ikulu," Komeo akasema. "Wameuazima."

Bawaba hakucheka wala hakuguna. Alikuwa akiisubiri sura yake. Hatimaye msichana wa filamu akakalishwa kwenye kiti, taa ikapigwa usoni, na Bawaba wetu akaishika shaba yake shingoni kwa vidole viwili. Alijua kinachokuja. Kinachokuja ni kimya.

Msichana wa filamu akainua uso. Machozi mawili yakamtoka, moja kila upande. Akasema, "Uko chini ya ghala la chumvi."

Ukumbi ulitoa sauti ambayo mwandishi huyu hawezi kuiandika. Mtu akarusha bisi. Msichana mmoja akasimama na kukaa, akasimama na kukaa, kama kiti kina moto. Huko nyuma mtu ambaye hakuwahi kukigusa kitabu akapiga makofi. "Safi! Nilijua tu huyu ni msaliti!"

Nje, chini ya mabango, watu hawakuondoka. Walizunguka kama siafu waliomwagiwa maji. Mmoja alichana tiketi yake vipande vidogo akatafuta mahali pa kuvitupa. Mwingine akasema kitabu ni kitabu na filamu ni filamu, akazomewa. Bibi mmoja aliyekuja na wajukuu akauliza kwa upole, "Lakini kweli, binadamu gani anayepigwa taa ya uso akanyamaza?" Hakuna aliyemzomea bibi, ila wote walimkasirikia.

"Wamenifanya mchongezi," Bawaba akasema. Alijaribu kuisema kama mzaha.

Kitasa akamshika bega. "Si wewe. Sisi tunakujua. Hao hawajui kusoma."

*

Lakini mji una wengi wasiosoma kuliko wanaosoma, na filamu haihitaji miwani. Haikuisha wiki, jina likageuka tusi. Watoto wakicheza mpira, aliyempasia adui aliambiwa, "Bawaba we!" Mwanamke sokoni alimwambia mwenzake aache ubawaba. Kinyozini, Komeo alisema, wateja walipiga soga la ubawaba kutwa nzima, na yeye aligombana nao mpaka akamkata mtu mmoja sikio, kidogo tu.

Hata karakanani lilifika. Mama mmoja alikuja kuchukua viti vyake, mjomba akaita, "Bawaba, lete mkasi." Yule mama akarudi nyuma hatua. "Baba, mbona unamwita binti wa watu msaliti?"

Mjomba akamtazama mpwa wake. Bawaba akaleta mkasi.

Jumapili iliyofuata walikutana wakiwa na hasira ya kutosha kushona makochi ishirini. Hakuna aliyekaa. Kitasa alitembea kutoka mlangoni mpaka kwenye marobota na kurudi.

"Tusilie tu kwenye simu," akasema. "Tufanye kitu. Jumamosi, onyesho la mchana, turudi."

"Tuwalipe tena?" Ufunguo akauliza.

"Turudi, tutawanyike ukumbini. Akifika pale kwenye kiti, kabla hajafungua mdomo, tunasimama wote tunapaza sauti: Bawaba hakusema neno! Mara tatu. Halafu tunatoka. Walio na kitabu moyoni wataitikia."

"Wataitikia mpaka paa lihame," Komeo akasema. "Na walinzi je? Wale wa pale wana mikono kama makasia. Juzi wamemburuta mlevi kwenye ngazi, kila ngazi inasema ko, ko, ko."

"Wakitugusa, tutakaa chini. Hatutoki kwa mkono."

"Wewe utakaa. Mimi kichwa changu ndicho tangazo langu la kazi."

Wakacheka, wakakubaliana, wakashikana mikono. Pembeni, nyundo ya mjomba iliyokuwa ikienda ta-ta-ta ikasita. Bawaba alikigundua kimya hicho kwa sababu alizoea mlio. Akageuka. Mjomba alikuwa amemkodolea macho Kitasa, midomo imefumbwa juu ya misumari. Kisha nyundo ikaendelea.

*

Siku ya siku ikafika. Walitawanyika ukumbini kama walivyopanga: mmoja mbele, wawili katikati, mmoja karibu na mlango. Filamu ikaenda. Kiti kikaletwa, taa ikapigwa usoni. Bawaba alivuta pumzi, akaweka mikono kwenye viegemeo ili anyanyuke.

Mkono ukamgusa bega. "Dada, samahani. Tunaomba upite huku."

Alikuwa mlinzi, tena akinong'ona. Bawaba akatazama huku na huku ukumbini akaona tochi tatu ndogo zimeinama juu ya watu watatu. Mlango wa pembeni, ambao siku zote hufungwa kwa mnyororo, ulikuwa wazi ukimwaga mwanga wa mchana. Walitolewa taratibu, kwa adabu, kama wageni waliokosea nyumba. Nyuma yao waliisikia sauti ya msichana wa filamu: "Uko chini ya ghala la chumvi." Hakuna aliyegeuka kuwaangalia.

Wangeburutwa, wangekuwa mashujaa. Kutolewa kwa samahani ndiko kulikowaua.

"Walijua," Kitasa alisema uchochoroni, akihema. "Walijua dakika. Walijua tumekaa wapi."

"Walitujua kwa hivi," Ufunguo akasema, akigusa chuma shingoni. "Mlinzi wangu alimulika hapa kwanza, ndipo akanitazama usoni. Kuna mtu amewaambia."

"Kikulacho ki nguoni mwako," Komeo akasema.

Ilikuwa methali tu. Komeo huzitoa methali kama anavyotoa povu la sabuni, bila kupima. Lakini ikaanguka katikati yao, na Bawaba akaona macho ya wenzake yanakuja upande wake, yanaondoka, yanarudi. Kwani nani huingia jumba lile kila wiki? Karakana ya mjomba ndiyo iliyokuwa ikivalisha upya viti vya sinema, na Bawaba ndiye aliyevipeleka na kuvichukua. Nani aliyeonekana juzi akicheka na meneja mlangoni?

"Mbona mnanitazama?"

"Nani kakutazama?" Kitasa akasema upesi mno.

*

Simu ikanyamaza. Kundi lao la simu, ambalo kwa kawaida lililia mpaka mjomba akatishia kulitumbukiza kwenye ndoo ya gundi, halikutoa hata salamu. Bawaba aliiweka simu juu ya meza ya kukatia akaigeuza kifudifudi, akaigeuza tena. Akaiweka mfukoni mwa aproni, akahisi imetetemeka, akaitoa. Haikuwa imetetemeka. Alikata kitambaa kinyume cha maua yake, akaharibu, akakata tena. Mwishowe akampigia Kitasa dukani kwake.

"Nina wateja," Kitasa akasema.

"Baadaye je?"

"Baadaye pia."

Akiwa mtoto, Kitasa alipomkasirikia alimrushia mchanga, wakalia wote wawili, mambo yakaisha. Huyu wa "nina wateja" hakumjua kabisa.

Katikati ya wiki alipeleka viti vinne vya sinema. Meneja, mtu mnene mwenye tai fupi, alikuja kukagua mishono, akavikalia kimoja kimoja kama anayechagua kofia.

"Vizuri," akasema. "Na poleni kwa Jumamosi. Nadhani vijana wangu hawakuwaumiza?"

"Hawakutuumiza. Bosi, nani alikuambia?"

"Kumbe hujui?" Meneja akacheka. "Mshukuru mjomba wako. Alikuja hapa amevaa koti, mimi nikadhani amekuja kupandisha bei. Akaniambia, watoto wangu wanne watasimama wakati fulani, wamevaa vyuma shingoni, usiwaguse. Nikamwambia, mzee, anayevuruga onyesho langu anatolewa. Akasema, watoe, lakini watoe kama ungewatoa wa kwako, na usiwapitishe kwenye ngazi. Alikataa kuondoka mpaka niwaapishe walinzi mbele yake."

Bawaba alirudi karakanani akisukuma mkokoteni mtupu, na gurudumu lake bovu lilipiga kelele njia nzima. Mjomba alikuwa ameinama juu ya kiti cha uvivu, mashavu yamejaa misumari. Akainua nyusi, yaani: vipi, wamepokea?

"Wamepokea," akasema Bawaba.

Alisimama pale. Swali lilikuwa limemkaa ulimini. Lakini mjomba hakujua lolote. Hakujua kwamba wenzake wanamshuku mpwa wake. Alidhani vijana wamenuna kwa sababu mpango wao umeshindwa. Ukimuuliza, atajua. Akijua, atakwenda kwao. Na akienda kwao, Bawaba aliona yote mpaka mwisho: Komeo atamsimulia kinyozini, na mzee ambaye mtaa mzima unamwamkia kwa heshima atakuwa ndiye Bawaba wa filamu. Jumapili nazo zitakwisha. Tangu mkewe afariki, mjomba alikuwa na siku moja tu ya wiki yenye sauti za watu, nayo ni ile anayojifanya haimhusu. Bawaba alikuwa amemwona, Jumapili asubuhi, akipangusa nailoni ya makochi mahali wanapokaa.

Akachukua bunduki ya pini, akaenda kazini.

*

Jumapili walikuja. Hawakukaa kwenye makochi. Walisimama kwa mstari, na hilo peke yake lilitosha kumwambia Bawaba kwamba wameshakutana kwingine. Mjomba aliwatazama, akasubiri wakalie nailoni ili awagombeze kama kawaida. Hawakukalia. Akajaza misumari mdomoni polepole, akarudi kwenye kiti chake cha uvivu.

Kitasa ndiye aliyesema. Alikuwa amejizoeza, maana alitazama ukutani.

"Tunataka kukuuliza kitu, na utujibu kama rafiki. Ni wewe uliyemwambia meneja?"

"Si mimi."

"Tunakuamini," Kitasa akasema, na sauti yake ikalegea kwa furaha. "Basi nani?"

Bawaba akafungua mdomo. Nyundo ilikuwa ikienda ta-ta-ta nyuma yake. Akaufunga.

"Unamjua?" Ufunguo akauliza.

Kimya.

"Kama humjui, sema simjui. Neno moja tu."

Bawaba hakuweza kusema uongo na hakutaka kusema kweli. Akatazama viatu vyake. Vilikuwa na nyuzi za sponji.

"Dada," Komeo akasema, safari hii bila mzaha, "mimi nimegombana na mji mzima kwa ajili ya jina lako. Nimekata sikio la mtu. Usinifanye mjinga."

"Sijakufanya mjinga."

"Basi sema!"

"Sisemi."

Kitasa aliondoa macho ukutani akamtazama kwa mara ya kwanza, na macho hayo yalikuwa na maji. "Nilikwambia siku ile, sisi tunakujua. Sasa naona nilikuwa nasema tu. Vua hiyo."

Alimaanisha bawaba ya shaba. Bawaba akainua mikono nyuma ya shingo. Kamba ilikuwa na fundo gumu, alilifunga mwenyewe ili lisifunguke, na sasa fundo likakataa. Wote wakasubiri. Ilikuwa aibu ya ajabu: hata kufukuzwa hakuishi.

"Wiki zote hizi mmeilaani filamu," akasema, akihangaika na fundo. "Mkasema hao hawajui kusoma. Nyinyi kitabu mnakijua kwa moyo. Mtu ameulizwa, amenyamaza. Kitabu kinasemaje hapo? Halafu mmekuja mnaicheza filamu."

Ufunguo akafungua mdomo aseme kwa mujibu wa nini, akakosa. Fundo likafunguka. Bawaba akaiweka shaba kwenye kiganja cha Kitasa.

Hapo ndipo walipogundua kwamba nyundo haigongi.

Mjomba alikuwa amesimama. Alionyesha kidole, akatikisa kichwa, akaguna kitu ambacho hakuna aliyekielewa. Msumari mmoja ukatokeza kwenye midomo. Akaweka kiganja chini ya kidevu akaanza kutema: mmoja, miwili, mingine ikashikamana, mingine ikaanguka sakafuni ikilia. Misumari haitemwi kwa haraka, anayeharakisha anaimeza. Vijana wanne walisimama wakimtazama mzee akijitoa chuma mdomoni.

"Mimi," akasema mwishowe. Akapapasa shavu kwa ulimi, akatoa mmoja uliobaki. "Mimi ndiye niliyekwenda kwa meneja. Huyu hakuwepo, hakutumwa, hakuambiwa."

"Mjomba?" Komeo akasema.

"Uliniambia mwenyewe habari za ngazi. Ko, ko, ko. Ukadhani unaliambia kochi?"

"Lakini mjomba," Kitasa akasema, hasira ikimrudia kwa sababu haikuwa na pa kwenda, "ule ulikuwa mpango wetu! Umetuharibia!"

"Nimewaharibia, ndiyo. Sikatai." Alijipangusa midomo kwa mgongo wa mkono. "Mna miguu yote? Komeo, kichwa chako kiko wapi?"

"Kipo, mjomba."

"Basi nikasirikieni. Nitavumilia. Ila kama mngeniuliza, ningewaambia siku ile ile. Mmeuliza kila mtu mjini, hata simu zenu, isipokuwa mimi." Akamgeukia mpwa wake, na sauti ikashuka. "Na wewe. Ulijua?"

"Meneja aliniambia."

"Na ukanyamaza. Kwa sababu yangu."

Mzee akabaki anamtazama, kiganja kimejaa misumari iliyolowa, kisha akatafuta mahali pa kuiweka kana kwamba karakana haikuwa yake.

Ufunguo akainama akaanza kuokota misumari iliyoanguka. Komeo akasema, "Haya, ukistaajabu ya filamu utayaona ya karakana," na hakuna aliyecheka, akamfuata Ufunguo sakafuni. Kitasa alibaki amesimama na shaba mkononi.

"Chukua," akasema.

"Sitaki sasa hivi."

"Chukua bwana. Nimekosa."

"Najua umekosa. Nitaivaa nikitaka." Bawaba akaipokea, akaitumbukiza mfukoni mwa aproni, ikagongana na chaki na mkasi mdogo. Akarudi kwenye kochi kuukuu lililokuwa likingoja kuvuliwa, akachukua bisibisi bapa, akaendelea kung'oa pini za zamani.

Kitasa akazunguka, akapata bisibisi nyingine, akapiga magoti upande wa pili wa kochi. Akachokonoa pini ya kwanza, kitambaa kikachanika.

"Si hivyo. Ingiza chini, halafu inua. Utachana turubai."

"Hivi?"

"Polepole."

Wakafanya kazi. Pini zilidondoka kwenye kopo. Baada ya muda Kitasa akauliza bila kuinua uso, "Ungenyamaza mpaka lini?"

Bawaba alifikiri. Kitabuni jibu ni rahisi, maana ukurasa unaisha. "Sijui," akasema. "Nilikuwa nimebakiza kidogo tu niseme."

Simu nne zikatetemeka kwa pamoja, zote mifukoni. Komeo ndiye aliyewahi kuitoa yake, palepale sakafuni.

"Jamani! Wametangaza sehemu ya pili! Bawaba anarudi!"

"Anarudi vipi?" Ufunguo akauliza. "Kwa mujibu wa kitabu ameshakufa."

"Wanasema anatubu. Anakuwa askari wa Baraza, halafu anatubu, halafu anaolewa."

"Anaolewa na nani?" Kitasa akaruka juu, bisibisi mkononi. "Hapana. Safari hii lazima tufanye kitu. Siku ya kwanza kabisa, kabla hata taa hazijazimwa, sisi tu—"

Akasita. Wote wakasita. Kisha, kwa pamoja, wakageuza vichwa kumtazama mjomba.

Mjomba alikuwa ameshainama juu ya kiti chake. Mashavu yalikuwa yamejaa tayari.